Kijitabu Kisichosomeka: Pikipiki za Uchina na Deni la Wasomi wa Kiswahili

Neno bodaboda lilizaliwa mpakani. Husimuliwa kwamba katika miaka ya 1960 waendesha baiskeli wa Busia na Malaba waliwavusha abiria na mizigo kati ya vituo vya forodha vya Kenya na Uganda, wakiinadi safari yao kwa neno la Kiingereza la mpaka, wakalitamka Kiswahili, tena mara mbili. Baiskeli zimezipisha pikipiki, neno limebaki. Wanaisimu wamelishughulikia vya kutosha: wameueleza utohozi wake, wakaufafanua uradidi wake, wakaipa sajili ya bodaboda nafasi katika tasnifu na katika vitabu vya mazoezi vya shule za sekondari. Kilichoachwa kando ni chombo chenyewe, na hasa kijitabu kinachofika pamoja nacho ndani ya kasha.

Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zisizozidi 250cc, na vyombo hivi vikamiminika nchini kama mvua ya masika. Nyingi zilitoka Uchina. Baadaye pikipiki za India zilitwaa sehemu kubwa ya soko, lakini injini ya Kichina ingali inanguruma vituoni, kuanzia Vanga hadi Lodwar. Kwa kijana wa Kakamega au Kitui, pikipiki ni shamba, ni duka, na aghalabu ni deni, kwa kuwa imenunuliwa kwa mkopo unaolipwa kila siku au kila wiki. Siku injini inaponoki, mkopo haunoki.

Yafaa kwanza nasaba ya injini hiyo ieleweke. Mwaka 1976 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa pikipiki iliyoitwa CG125, iliyobuniwa kwa ajili ya nchi ambako matengenezo ya mara kwa mara hayakutarajiwa. Vali zake zinasukumwa kwa vijiti badala ya kuendeshwa kwa mnyororo wa ndani, na muundo wake ni sahili kiasi kwamba fundi mwenye spana chache na subira anaweza kuifungua na kuifunga chini ya mwembe. Viwanda vingi vya Uchina, hasa vya jiji la Chongqing ambalo ndilo kitovu cha sekta hiyo, viliuiga muundo huo na kuutawanya ulimwenguni kwa majina mengi yasiyo na hesabu. Hivyo basi, pikipiki mbili zenye majina tofauti tangini huweza kuwa na injini zilizo ndugu wa toka nitoke, na mbili zenye jina moja zikawa hazichangii hata skrubu. Anayefuata jina atapotea. Mwenye kuzifahamu ni yule anayejua kuisoma nambari iliyochongwa kwenye injini.

Nambari hiyo ina sarufi yake. Chukua 156FMI. Tarakimu ya kwanza, 1, ni idadi ya silinda. Zinazofuata, 56, ni kipenyo cha silinda kwa milimita, kikiwa kimeachiwa desimali yake. F huonyesha kuwa injini inapozwa kwa upepo, M kuwa ni ya pikipiki, na I kuwa iko katika daraja la 125cc. Ikiandikwa 162FMJ, kipenyo kimepanda hadi milimita 62 na daraja limekuwa la 150cc. Huu ni uambishaji mtupu, na mwanafunzi wa mofolojia wa mwaka wa pili angeufumbua kwa dakika tano. Hata hivyo, vijitabu vinavyoandamana na pikipiki hizi kwa kawaida huitaja nambari hiyo bila kuifafanua. Matokeo yake ni kwamba mnunuzi huenda Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi kutafuta pistoni ya pikipiki fulani kwa jina lake la biashara, akauziwa iliyo karibu kufanana, akarudi nayo hadi Mwingi kabla ya kugundua kuwa haiingii.

Kijitabu chenyewe kina safari ndefu kabla ya kumfikia msomaji. Huandikwa kwa Kichina na mtu wa kiwandani. Hutafsiriwa kwa Kiingereza na mtu ambaye pengine hajawahi kushika spana, na ambaye Kiingereza chake ni cha kujifunzia darasani. Kisha husomwa Kenya na mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu, na ambaye anakitafuta kitu kimoja tu: afanye nini sasa. Katika kila kituo cha safari hiyo maana hudondosha kitu. Isitoshe, kijitabu kimoja mara nyingi hutumika kwa aina kadhaa za pikipiki, hivi kwamba picha huonyesha breki ya diski ilhali chombo kilichopo mlangoni kina breki ya ngoma, na mchoro wa nyaya ni wa toleo lililotangulia.

Mfano wa neno mafuta watosha kuonyesha uzito wa jambo. Katika Kichina petroli ni qiyou na oili ya injini ni jiyou. Kiini cha maneno yote mawili ni you, yaani mafuta. Kiswahili nacho kina neno hilohilo lenye mabega mapana. Kwa mwendeshaji wa Kenya, kutia mafuta ni kutia petroli. Kwa fundi, mafuta yanaweza kuwa ya injini, ya breki au hata grisi, kulingana na anachokishika wakati huo. Kiingereza, kilichokaa katikati ya lugha hizi mbili, kingaliweza kuzitenganisha maana hizo vizuri, lakini mtafsiri asiyeifahamu mashine hupunguza umakini pale hasa ulipohitajika. Hapo ndipo agizo la kubadilisha oili huwa agizo la kubadilisha mafuta, na oili yenyewe haielezwi ni ya aina gani. Jambo hilo si dogo. Klachi ya pikipiki hizi huogelea ndani ya oili ileile ya injini, tofauti na klachi ya gari, ambayo hukaa pakavu. Baadhi ya oili za magari hutiwa viambato vya kupunguza msuguano; zikiingia katika pikipiki, klachi huanza kuteleza, injini hupiga kelele na chombo hakiendi. Wajapani waliweka kipimo chao mwaka 1998, na oili iliyokidhi mahitaji ya klachi ya namna hii huandikwa JASO MA kwenye chupa. Herufi hizo chache zingaliwaokoa wengi gharama ya sahani za klachi, lau mtu angaliwaambia maana yake kwa lugha wanayoiota.

Rangi nazo ni lugha. Katika pikipiki zilizofuata mtindo wa Honda, waya wa kijani ndio unaorudi kwenye fremu, yaani hasi, na waya mweusi ndio unaobeba umeme baada ya ufunguo kuzungushwa. Fundi aliyelelewa katika gereji ya magari, aliyezoea kebo nyeusi ya betri kuwa hasi, huuona waya mweusi akaufunga kwenye fremu bila wasiwasi. Fyuzi hukatika. Huweka nyingine, nayo hukatika. Mwishowe, kwa kuchoshwa, huifunga nafasi ya fyuzi kwa kipande cha waya mtupu, na hapo kinachoungua huwa si fyuzi tena. Hakuna ujinga hapo. Amesoma sentensi ya lugha moja kwa sarufi ya lugha nyingine, kosa ambalo kila mwalimu wa Kiswahili amelisahihisha kwa kalamu nyekundu mara elfu. Vivyo hivyo kisanduku cha CDI kinachoratibu cheche: vipo vinavyolishwa na koili za injini na vipo vinavyolishwa na betri, na vyote viwili hufanana kama pacha. Muuzaji wa spea huvitaja kwa jina moja. Kuvitofautisha kunahitaji maneno mawili tu, ambayo hakuna aliyeyaandika.

Kuna pia yale ambayo kijitabu hakiwezi kuyajua hata kingetafsiriwa na malaika. Kimeandikwa kwa ajili ya mtu mmoja anayekwenda kazini na kurudi. Hakikumwazia abiria wa pili, wala wa tatu, wala gunia la makaa, wala kitanda kilichofungwa kwa mpira wa tyubu. Kikisema oili ibadilishwe baada ya kilomita 1,000, mwandishi wake aliona miezi. Mwanabodaboda anayekwenda kilomita 100 kwa siku huona siku kumi. Kabureta iliyorekebishwa kwa hewa nzito ya tambarare huvuta petroli kupita kiasi inapofika Timboroa, mahali palipo zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Plagi ikawa nyeusi kwa masizi, na mwenye pikipiki akaambiwa anunue plagi mpya. Ya Mombasa haina tatizo hilo. Vumbi la Turkana na tope la Kisii havina sura katika kijitabu hicho.

Pengo hili ndilo linalozibwa na fundi wa jua kali, na ni haki asifiwe kabla ya kukosolewa. Hupima kwa sikio, kidole na pua. Mlio wa tapeti humwambia kuwa pengo la vali limepanuka; moshi wa samawati humwambia kuwa injini inakula oili; rangi ya ncha ya plagi humwambia kama moto wa ndani umeshiba au una njaa. Maarifa haya ni fasihi simulizi kwa kila kigezo kinachofundishwa vyuoni: yana fanani na hadhira, yana utendaji, hubadilika kila yanaposimuliwa, na hurithishwa kwa mwanagenzi anayeshika tochi usiku. Lakini hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Hadithi ya sungura ikibadilika kutoka kijiji hadi kijiji, utamu huongezeka. Pengo la vali likibadilika kutoka gereji hadi gereji, vali huungua. Kipimo chake ni cha sehemu za mia za milimita. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, na ufa wenyewe hapa ni mwembamba kuliko karatasi. Sikio la fundi mkongwe huusikia. La mwanagenzi wake halijafika huko, naye ndiye anayeifungua pikipiki yako huku bwana wake amekwenda kunywa chai.

Siku hizi simu imeingia kati. Sauti zilizorekodiwa huzunguka katika makundi ya waendeshaji, na video za mafundi wa Asia hutazamwa kwa makini vituoni. Nyingine ni za manufaa makubwa. Nyingine zinaeleza injini ya aina nyingine kabisa, kwa lugha isiyoeleweka, na mtazamaji hufuata mikono peke yake. Hakuna anayezichuja.

Sasa lielekezwe jicho kwa wasomi. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya Kenya zimetumia jasho jingi kuunda istilahi, na baadhi ya kazi hiyo ni ya kujivunia. Ng'ambo ya mpaka, BAKITA iliundwa mwaka 1967 na kazi ya usanifishaji ikawekewa utaratibu. TUKI ikachapisha mwaka 1990 kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Nchini Kenya, bidii kubwa ilielekezwa kwenye mjadala wa tarakilishi, ngamizi na kompyuta, na wa rununu na simu ya mkono. Tarakilishi imepata makao darasani na katika taarifa za habari. Dukani kinauzwa kitu kiitwacho kompyuta. Si vibaya lugha kuwa na maneno mawili. Lakini istilahi iliyobuniwa mezani bila kumuuliza anayekitumia kifaa hufanana na kiatu kilichoshonwa bila kupima mguu.

Katika gereji kazi ya kubuni imekwisha kufanywa. Plagi, pistoni, ringi, kabureta, klachi, cheni, sproketi, vali, gaskiti, fyuzi: utohozi umekamilika, na mengine yameingia kamusini zamani. Vitenzi navyo vipo, tena vitamu: injini inamisi, inakohoa, inakula oili, imenoki. Kiswahili hakikuanza jana kulipokea jambo la aina hii. Usukani ulikuwa wa chombo cha baharini kabla ya kuwa wa gari. Bomba lilitoka kwa Wareno. Karakana ilitoka Uajemi. Kinachokosekana ni sentensi. Hakuna maandishi ya Kiswahili, yaliyohakikiwa, yanayomwambia mtu hatua ya kwanza, ya pili na ya tatu, na kwa nini ya pili isitangulie ya kwanza. Sajili ya gereji imekusanywa kama vipepeo hukusanywa, ikachomwa pini, ikatahiniwa. Mtahiniwa hupewa mazungumzo ya fundi na mteja, akatakiwa ataje sifa tano za matumizi hayo ya lugha. Fundi mwenyewe hajapata chochote kutokana na mtihani huo.

Jambo hili lina uzito wa kisheria pia. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa aliyoinunua. Kifungu cha 7 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Vifungu hivi vikisomwa pamoja, ni vigumu kuona jinsi kijitabu cha Kiingereza kilichovunjika kinavyoitimiza haki hiyo kwa mtu anayeendesha pikipiki Makueni. Wanachama wa vyama vya Kiswahili wamelinukuu sana kifungu cha 7 katika makongamano. Cha 46 hakijasikika.

Wapo watakaosema kuwa waendeshaji hawasomi. Anayesema hivyo hajasimama kituoni saa nne asubuhi, abiria wakiwa haba, akaona gazeti moja linavyopita mikono kumi, au jinsi mkataba wa mkopo unavyochambuliwa neno kwa neno baada ya mtu kunyang'anywa pikipiki. Watu husoma kinachowahusu. Wengine watadai kuwa ufundi si kazi ya mtu wa fasihi. Hoja hii ina nguvu zaidi, na jibu lake ni kwamba hakuna anayemtaka mwanafasihi afungue injini. Anatakiwa akae kando ya anayeifungua, aulize, aandike, amsomee alichokiandika, asahihishwe. Mhandisi wa chuo hichohicho, ambaye mara nyingi ofisi yake iko umbali wa kutembea, ahakikishe vipimo. Tafsiri ni somo linalofundishwa katika idara karibu zote. Zoezi la muhula mzima lingeweza kufanywa juu ya sura moja ya kijitabu badala ya hotuba ya mwanasiasa aliyefariki.

Kazi yenyewe ni ngumu kuliko inavyodhaniwa, na yeyote anayedhani Kiswahili cha maagizo ni chepesi ajaribu kueleza jinsi ya kukaza cheni. Jaribio moja ni hili: Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, gia ikiwa huru. Zungusha gurudumu la nyuma polepole utafute mahali cheni inapokaza zaidi. Hapo, sukuma sehemu ya chini ya cheni kwa kidole, juu na chini. Inapaswa kucheza sentimita mbili hadi tatu. Ikilegea kupita hapo, legeza nati ya ekseli, kisha zungusha nati za kurekebisha za kushoto na kulia kwa kiasi kilekile, ukitazama alama za pande zote mbili zilingane. Kaza ekseli. Kisha pima upya breki ya nyuma, kwa maana gurudumu limerudi nyuma na fimbo ya breki imevutwa.

Agizo la mwisho ndilo linalosahaulika. Cheni hukazwa, mteja hulipa, akaondoka na breki inayosugua ngoma bila yeye kujua, mpaka ipate moto na kuchakaa kabla ya wakati. Au, pale fundi alipoilegeza kwa makisio, akaondoka na kanyagio linalozama wakati lori limesimama ghafla mbele yake. Mjadala ungeanza hapo: kucheza lisemwe hivyo au iundwe istilahi ya ulegevu? Fimbo ya breki au waya wa breki, kama wanavyoiita baadhi ya mafundi ilhali si waya? Je, sentimita zinatosha kwa mtu asiye na rula, au atumie upana wa vidole viwili, na vidole vya nani? Haya ni maswali ya semantiki na pragmatiki yenye majibu yanayoweza kupimwa kwa spana.

Pa kuanzia pako karibu. Nje ya lango la takriban kila chuo kikuu nchini pana kituo cha bodaboda, na hatua chache kutoka hapo pana fundi mwenye turubai, kasha la spana na chupa ya soda iliyojaa petroli ya kuoshea kabureta. Wanafunzi na wahadhiri humpita kila siku wakielekea darasani kujadili maendeleo ya Kiswahili. Injini mbili tatu zimelala wazi juu ya gunia mbele yake, na mojawapo bila shaka imeandikwa 156FMI.